Somo: Mlezi wa biashara kwanza, mtaji baadaye

Waulize wanafunzi wa kidato cha pili biashara changa inahitaji nini, darasa zima litaitikia: mtaji! Nimelisikia jibu hilo miaka yote niliyofundisha biashara. Sasa nalifundisha somo hili hivi, kwa vipindi viwili.

Hatua ya 1. Anzia kwa fundi cherehani wa mtaani kwao. Alijifunzia wapi? Wengi watasema alikaa kwa fundi mwingine. Waeleze kwamba mwanagenzi yule hakufundishwa kushona tu. Alionyeshwa duka la vitambaa linalokopesha, mteja msumbufu wa kulipa, na namna ya kutaja bei bila kujipunja. Mlezi wa biashara hufanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 2. Mlete mfanyabiashara darasani, umpe kipindi kizima. Hapa ndipo somo linapoingia. Nilimwalika mama anayesaga unga wa lishe, nikamwomba asihutubie, asimulie tu siku alizokaribia kufunga. Alitoa pakiti mbili kikapuni zikapita dawati kwa dawati. Ya kwanza ilinuka mafuta yaliyochacha, watoto wakakunja nyuso. Alikuwa akisaga karanga pamoja na nafaka, na wenye maduka wakawa wanamrudishia unga. Hakuokolewa na mkopo. Mama mwenzake wa sokoni, muuza mahindi, ndiye aliyemwambia: ziondoe karanga, mteja ataongeza mwenyewe akipika. Kisha akamshika mkono hadi SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973. Huko alipata mafunzo ya usindikaji na barua ya kumtambulisha TBS, shirika la viwango.

Msichana wa nyuma akanyoosha mkono: "Na wewe ulimpa nini?" Mama akajibu, "Mahindi yangu yote nanunua kwake mpaka leo."

Hatua ya 3. Swali lile ndilo mchoro wetu. Andika "Unga wa lishe" katikati ya ubao, uzungushie watu: muuza mahindi, mwenye mashine, wenye maduka, kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopa), afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kila mmoja apate mishale miwili, anachotoa na anachopata. VICOBA hutoa mkopo, naye mama hununua hisa na kuwadhamini wanakikundi wenzake. Kwa afisa wa kata, taja mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Pale mshale wa kurudi unapokosekana, waache wajadili. Usiwape jibu haraka.

Hatua ya 4. Kila kundi liandike maswali matatu ya kumpelekea mlezi. "Naomba unisaidie" halimpi mlezi pa kuanzia. "Gunia likishakobolewa na kusagwa hutoa kilo ngapi za unga?" linajibika, na mlezi ataona umejiandaa.

MASWALI YA WALIMU WENZANGU

*Mwalimu, shule yetu iko kijijini, SIDO ni mbali mkoani. Nifanyeje?*
Ndugu yangu, anza na mwenye mashine ya kusaga. Anajua nani analeta mahindi mabichi na nani anauza wapi. Na kikundi cha kuweka na kukopa hakikosi hapo kijijini. Omba wanafunzi wakae pembeni siku moja ya kikao, waone sanduku la fedha linavyofunguliwa na washika funguo tofauti.

*Shikamoo mwalimu. Mlezi akitaka sehemu ya faida, bado ni mlezi?*
Marahaba. Hapo amekuwa mbia, na si vibaya, ila yaandikwe tangu mwanzo: anaweka nini, anachukua kiasi gani. Urafiki mwingi huvunjika kwa makubaliano ya mdomo.

*Vipi usalama wa mabinti tunaowatuma kwa wafanyabiashara?*
Ahsante kwa kuliuliza hili. Kwangu hakuna mwanafunzi anayekwenda peke yake, awe binti au mvulana. Wanakwenda watatu, mchana, eneo la wazi la biashara, mzazi akiwa na taarifa. Namba za simu anabaki nazo mwalimu. Mfanyabiashara asiyekubali utaratibu huo namwondoa kwenye orodha, hata awe na duka kubwa kiasi gani.