Somo: Mnaosubiri kupasuliwa mifupa, kidonda kisiingie usaha

Kila wiki nafuatwa pembeni na swali lilelile: "Ndugu yangu anawekewa chuma mguuni, tufanyeje kidonda kisioze?" Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Naandika mara moja, mwenye mgonjwa asome.

1. Sigara: kama operesheni ni ya kupangwa, acha wiki nne kabla. Moshi unabana mishipa, damu haifiki vizuri kwenye mshono.

2. Sukari: pima, hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Wapo wanaogundulika siku ya kuvunjika.

3. Oga kwa sabuni. Ya kawaida inatosha.

4. Wembe. Hapa someni taratibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimnyoa baba mmoja jioni, kuanzia goti hadi paja, kesho yake aingie thieta. Ngozi iling'aa, nikaridhika. Asubuhi nilipovuta taa karibu nikaona vipele vyekundu, vingine vina ncha nyeupe. Wembe unaacha michano usiyoiona kwa macho, na bakteria wa kwenye ngozi wanapata pa kuzaliana usiku kucha. Daktari akaahirisha. Yule baba alilala siku nane zaidi, mguu ukivutwa kwa uzito, kwa sababu ya mkono wangu. Usinyoe nyumbani. Usikubali jirani akusaidie. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasisitiza wembe usitumike. Nywele zikilazimu kutoka, zikatwe kwa mashine. Ukiona mtu anakujia na wembe wodini, muulize. Ni haki yako.

5. Mfupa uliotokeza nje: usipake majani wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, kimbilia hospitali. Antibayotiki inatakiwa mapema.

6. Bandeji haifunguliwi ili wageni waone.

MASWALI

Kijana wa Boda: Nesi, mshono unatoa usaha, nimwagie unga wa kapsuli?

Hapana. Nenda hospitali leo.

Kijana wa Boda: Mbona jirani alimwagia akapona?

Jirani simjui. Wewe una chuma ndani. Leo, usingoje Jumatatu.

Mama Wawili: Shikamoo dada. Mama kawekewa nyonga ya bandia, nyuzi zimeshatolewa, pamekauka. Mbona kliniki wanasema tumwangalie miezi mitatu?

Marahaba, umeuliza vizuri. Chuma hakipitiwi na damu. Bakteria wakikinasa wanajijengea utando, kama ule uteute unaoshika ndani ya ndoo ya maji yaliyokaa. Dawa inaupenya kwa shida, na wao wanaweza kutulia humo wiki nyingi. Ndiyo maana penye kitu kilichopandikizwa tunahesabu siku 90, si 30. Nawa mikono, kisha pima joto la ngozi kando ya mshono kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe na upande wa pili. Pakiwa pa moto, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yakaanza kupanda, au akapata homa, mrudisheni hata kama pamekauka. Na mpeni mayai, dagaa, maharage. Nyama mpya haijengwi na uji mtupu.

Fundi Cherehani: Mwenye vyuma vya nje ya mguu, suruali ifumuliwe mshono wa pembeni, itiwe vifungo. Nilimshonea mdogo wangu, haikwaruzi pini.

Ahsante fundi, hii nawapelekea wagonjwa wangu kesho. Kitambaa gani?

Fundi Cherehani: Pamba, na pindo likunjwe mara mbili. Lisipokunjwa nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye pini.