Somo: Kupiga picha vibao vya blues kando ya barabara za Mississippi

Wakuu, kila nikiweka picha za Mississippi napokea swali lile lile: umepigaje mpaka maandishi yakasomeka? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta huku.

Kwa asiyejua: tangu Desemba 2006 jimbo la Mississippi linasimika vibao vya buluu mahali ambapo blues, muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, ilipigwa, au walipoishi na kuzikwa waliokuwa wakiipiga. Sasa vimepita 200. Cha kwanza kiko Holly Ridge, alipozikwa mpiga blues Charley Patton mwaka 1934, jirani na kinu cha kuchambulia pamba. Mimi naishi Memphis, mji wa Tennessee kaskazini ya Mississippi. Nikishuka na Barabara ya 61, Clarksdale ni karibu maili 80.

1. Chaji betri, futa lenzi, beba maji.

2. Usipange zaidi ya vibao sita kwa siku. Ukizidisha utarudi na picha za vyuma tu.

3. Egesha kwenye lami au kokoto. Udongo wa Delta, yaani nchi tambarare ya kaskazini-magharibi mwa Mississippi, ni mfinyanzi, wenyeji wanauita gumbo. Mvua ikinyesha, ukiweka tairi moja kwenye majani gari halitoki bila trekta.

4. Piga pande zote mbili, na kila upande kwa mwanga wake. Hapa ndipo nilipoharibu. Mbele ya kibao kuna maandishi machache ya chuma yaliyoinuka. Nyuma kuna karatasi laini ya plastiki yenye picha za zamani na maelezo marefu, na utamu wote uko huko. Safari yangu ya kwanza nilifika saa saba mchana, nikapiga mbele kwa makini, nyuma nikapiga haraka na flashi ikiwaka yenyewe. Nyumbani nikakuta doa jeupe limekaa juu ya uso wa mwanamuziki, na aya mbili hazisomeki. Niliporudi baada ya miezi kadhaa, plastiki ilikuwa imeanza kubanduka palepale. Picha nzuri ya upande ule sina hadi leo.

Kwa hiyo: ZIMA FLASHI. Upande wa mbele unataka jua la pembeni, asubuhi na mapema au jioni likikaribia kutua, ili kila herufi itupe kivuli chake. Upande wa nyuma unataka kinyume: kivuli, au siku ya mawingu. Jua likiwa kali, usisimame uso kwa uso na kibao. Sogea kushoto au kulia huku ukitazama kwenye kioo cha kamera mpaka mng'ao utoke. Mwenye kamera kubwa afunge filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, na aizungushe polepole. Halafu, kabla hujaondoka, kuza picha usome mstari wa mwisho. Usipousoma hapo, nyumbani hutausoma.

5. Rudi nyuma hatua thelathini, upige tena. Kibao kinasema mahali hapa palikuwa na nini. Picha pana inaonyesha pamebaki nini. Tutwiler ndipo mtunzi wa muziki W. C. Handy, akisubiri treni yapata mwaka 1903, alipomsikia mtu akikandamiza nyuzi za gitaa kwa kisu. Jengo la stesheni halipo tena. Piga ule uwazi na reli yake. Pale Dockery, shamba lililoanza 1895, jina na mwaka vimeandikwa kwenye ukuta wa ghala la mbegu. Patton aliishi na kupiga gitaa pale. Mchana kimya chake ni kizito, unasikia upepo kwenye mabati.

6. Makaburini, salimu kwanza. Sarafu, chupa na vipande vya kupigia gitaa vilivyoachwa juu ya jiwe usiviguse hata kama vinaharibu picha.

MASWALI

Mpigachapa: Mkuu, simu gani nzuri kwa kazi hii?
— Yoyote. Soma hatua ya 4.

Mpigachapa: Na flashi niwashe au?
— Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kibwebwe: Samahani, naona picha za makaburi matatu ya mpiga gitaa la blues Robert Johnson. Lipi ndilo?
— Swali zuri. Alifariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27, na kuna mawe matatu: Mount Zion karibu na Morgan City, Payne Chapel pale Quito, na Little Zion kaskazini ya Greenwood, chini ya mti. Kibao cha buluu kiko Little Zion. Nenda yote matatu, na chini ya kila picha andika jina la kanisa, usiandike "kaburi la Robert Johnson" ukaishia hapo. Ukitoka Little Zion endelea na barabara ile ile hadi Money, lilipo gofu la duka ambalo kisa cha kuuawa kwa Emmett Till kilianzia mwaka 1955. Alikuwa mtoto mweusi wa miaka 14, aliuawa na wazungu. Simama pale hata kama hupigi picha.

Tairi_Bovu: Twende kwenye njia panda ya shetani! Iko wapi?
— Clarksdale kuna nguzo yenye magitaa ya buluu, inaashiria makutano ya 61 na 49. Piga jioni taa zikiwaka. Ila hadithi kwamba Robert Johnson alimuuzia shetani roho njia panda ili ajue gitaa ilisimuliwa kabla yake kuhusu mpigaji mwingine, Tommy Johnson. Sisi tunaojua kwa nini kafara huachwa njia panda tusishangae watu weusi wa Delta nao kuwa na imani yao ya mahali kama hapo. Usiidharau.

Tairi_Bovu: Nilikuwa natania tu mkuu.
— Sawa.

Mwana_Kaole: Huku Bagamoyo napata shida hiyo kwenye maandishi ya makaburi ya Kaole, yamefifia sana. Mwenzangu hushika kanzu nyeupe upande mmoja, mwanga unarudi kwa kulala, herufi zinatokea bila kugusa jiwe.
— Ahsante sana, hii sikuwa naijua. Mawe ya Quito na Morgan City nitayajaribu hivyo. Anaishika umbali gani, na jua linakuwa nyuma yake au mbele?

Mwana_Kaole: Mbele yake, kanzu iangalie jua. Kama hatua mbili kutoka kwenye jiwe, chini chini, usawa wa goti.