Kupima kingamwili mtambuka baada ya chanjo ya influenza: kipimo cha HI hatua kwa hatua

Kipimo cha HI (kuzuia ushikamanishaji wa chembe) huonyesha seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, inaweza kuzimuliwa (kuongezewa maji) hadi wapi na bado ikazuia virusi vya influenza kushikamanisha chembe nyekundu za damu. Kifanye kwa virusi vilivyomo kwenye chanjo, kisha kwa visivyokuwemo, uone kingamwili zimevuka kiasi gani. Huu ni ulinganisho, hivyo chochote kinachofanya virusi hivyo visiwe sawa mezani kitakupa uvukaji wa uongo.

Hatua ya 1: sampuli na virusi

Chukua seramu mbili kwa kila mtu: kabla ya sindano, na siku ya 21 hadi 28 baada yake. Zipime pamoja, siku moja, sahani moja ya visima vidogo. Ile ya kwanza usiikose, kwa sababu mtu mzima ameshakutana na influenza mara nyingi. Virusi vipya vya H1N1 vilipozuka 2009, sehemu ya wazee wa Marekani walikuwa tayari na kingamwili za kuvizuia, na pia watu waliochanjwa 1976 kwa A/New Jersey/76.

Kwa H3N2, aina nyingine ya influenza, weka virusi vya chanjo vilivyokuzwa kwenye mayai na vilivyokuzwa kwenye seli. A/Hong Kong/4801/2014 ya mayai ilipoteza sukari iliyo kwenye nafasi ya 160 ya hemaglutinini (protini ya virusi inayoshika chembe), ilhali virusi vilivyozunguka kwa watu vilikuwa nayo. Ukitumia ya mayai peke yake, utadhani chanjo imefanya kazi kuliko ilivyofanya kweli.

Hatua ya 2: kusafisha seramu

Seramu ya binadamu ina vizuizi vya asili visivyo kingamwili. Changanya ujazo 1 wa seramu na 3 wa RDE, kimeng'enya kinachoharibu vizuizi hivyo, weka nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 20, kisha nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kukiua kimeng'enya. Ongeza ujazo 6 wa maji ya chumvi ya 0.85%, sasa una mzimuo wa 1:10. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, anza upya na sehemu nyingine ya seramu ileile. RDE ikibaki hai inakata vipokezi vya chembe nyekundu, chembe zinaanguka kitakoni bila kushikamana, nawe unasoma kingamwili ambazo hazipo.

Hatua ya 3: chembe nyekundu

Osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) mara tatu. Bata mzinga au kuku: 0.5%, sahani ya visima vyenye kitako cha V. Simbilisi: 0.75%, kitako cha U. Virusi vya H5 na ndugu zake wa mafua ya ndege wanataka chembe za farasi za 1%, kwa sababu ya aina ya kipokezi wanachokipenda. H3N2 za miaka ya karibuni hazishiki vizuri chembe za bata mzinga, na neuraminidasi yake (kimeng'enya cha virusi) inaweza kushika badala ya hemaglutinini. Hapo tumia simbilisi pamoja na oseltamiviri kaboksileti, dawa inayoizuia neuraminidasi, ya nanomola 20.

Hatua ya 4: kusawazisha virusi

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Zimua virusi mara mbili mbili, mikrolita 50 kila kisima, ongeza mikrolita 50 za chembe, subiri dakika 30 (60 kwa simbilisi na farasi). Unataka vizio 4 vya kushikamanisha ndani ya mikrolita 25, yaani 8 ndani ya 50, basi gawanya taita (mzimuo wa mwisho ambao virusi bado vinashikamanisha) kwa 8. Taita ikiwa 128, zimua 1:16: mililita 1 ya virusi, 15 za PBS.

Kisha hakiki mchanganyiko huo kwa kuuzimua tena. Visima vinne vya mwanzo (bila kuzimua, 1:2, 1:4, 1:8) vishikamane, cha tano kianguke. Vikishikamana vitano, dozi ni maradufu na taita za seramu (mzimuo wa mwisho ambao seramu bado inazuia) zitashuka karibu nusu; vikiwa vitatu, zitapanda. Hebu fikiria virusi vya chanjo vimezidi na virusi vigeni vimepungua: utatangaza kinga pana ambayo haipo.

Hatua ya 5: kipimo chenyewe

Zimua seramu kutoka 1:10 hadi 1:1280, mikrolita 25 kila kisima. Weka mikrolita 25 za virusi, subiri dakika 15, ongeza 50 za chembe. Kila seramu iwe na kisima kisicho na virusi. Chembe zikishikamana humo, seramu yenyewe ndiyo inayozishika. Ifyonze kwanza kwa chembe nzito zilizooshwa.

Inamisha sahani. Chembe za kuku zilizozuiliwa hutiririka kama chozi, kwa kasi ileile ya kisima cha chembe tupu. Zikichelewa, usihesabu. Za simbilisi hazitiririki. Tafuta duara dogo kitakoni.

Hatua ya 6: hesabu

Chini ya 10 andika 5. Tumia wastani wa kijiometri: taita 10, 40 na 160 zinatoa 40, si 70. Mwitikio ni kupanda mara nne na kufika angalau 40. Tofauti ya kisima kimoja ni kelele tu.

Kisichoonekana kwa HI

HI inaona kingamwili za kichwa cha hemaglutinini. Za shina (sehemu yake ya chini), ambazo ndizo huvuka mbali zaidi (H1 hadi H5, kwa mfano), zinahitaji ELISA (kipimo cha kingamwili zinazonasa protini iliyopakwa kwenye sahani) yenye protini chotara: kichwa cha H6, shina la H1. Neuraminidasi hupimwa kwa sahani iliyopakwa fetuini (protini yenye sukari ambazo neuraminidasi huzikata), kwa virusi vya H6N1 au H6N2 ili kingamwili za H1 na H3 zisiingilie. Chanjo za kawaida zilizouawa husawazishwa kwa hemaglutinini, mikrogramu 15 kwa kila aina, huku neuraminidasi ikiachwa ilivyo, hivyo kiasi chake hutofautiana. Kwa hiyo andika jina la chanjo na namba ya toleo kwa kila mshiriki kabla ya kulinganisha makundi.