Kurudisha kurasa za man kwenye Debian iliyopunguzwa

Juzi mwenzangu alikwama ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) ya Debian, mfumo wa Linux, toleo la slim, yaani lililopunguzwa. Intaneti imefungwa, kinachofikika ni hazina ya ndani ya vifurushi tu. Alitaka kujua chaguo la `--delete` la rsync, programu ya kunakili na kusawazisha faili, linafuta faili za upande gani kabla hajabonyeza Enter, na `man rsync`, amri ya kufungua mwongozo wa programu hiyo, ikamjibu hakuna ukurasa. Programu ipo, maelezo yake yametupwa.

1. Weka man yenyewe

`apt update && apt install man-db`

2. Ondoa kizuizi

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima, kwa hiyo soma taratibu. Kwanza tafuta kinachozuia kurasa zisiwekwe:

`grep -r path- /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`

Utakuta mstari kama `path-exclude /usr/share/man/*`. Kwenye Debian slim uko katika faili liitwalo `docker`, kwenye Ubuntu ni `excludes`. Wengi hulifuta faili lote. Mimi siligusi, kwa sababu dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, hufuata kanuni ya mwisho inayolingana na njia ya faili, na faili za folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina. Inatosha kuongeza lako litakalosomwa mwisho:

`echo 'path-include=/usr/share/man/man[1-9]/*' > /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/zz-man`

Usiliite `zz-man.conf`! Jina likiwa na nukta, dpkg hulipita kimyakimya, bila kosa wala onyo. Herufi, tarakimu, kistari na mstari wa chini tu ndivyo vinavyokubalika. Hiyo `man[1-9]` nayo ni makusudi: inaacha nje tafsiri za lugha nyingine, ambazo nazo huchukua nafasi kwenye diski.

3. Sakinisha upya

Kuondoa kizuizi hakurudishi kilichokwisha kuachwa.

`apt install --reinstall rsync coreutils`

Usiiamini `dpkg -L` katika kukagua. Itakuorodheshea `/usr/share/man/man1/ls.1.gz` hata kama faili halipo kwenye diski, maana inasoma orodha ya kifurushi. Tumia `ls` kwenye njia hiyohiyo. Kwa git, kurasa zinakaa katika kifurushi cha `git-man`, basi sakinisha upya hicho.

Kwenye mifumo mingine ya Linux, Fedora: futa `tsflags=nodocs` katika `/etc/dnf/dnf.conf`, kisha `dnf reinstall rsync`. Alpine: `apk add mandoc rsync-doc`.

Kwangu mimi, kifurushi kije na kurasa zake za man bila kuombwa, na anayetaka kupunguza apunguze mwenyewe kwenye mashine ambayo hakuna mtu anayeingia. Ukurasa uliokuja na kifurushi unaeleza toleo lililo mbele yako. Wa mtandaoni mara nyingi unaeleza jipya zaidi, lenye chaguo ambazo huna. Vitabu vikubwa vya HTML ni sawa vikae katika kifurushi cha `-doc`. Tena kupunguza kuna gharama: kwenye slim nimeona usakinishaji wa OpenJDK (Java) ukikatika katikati kwa sababu tu `/usr/share/man/man1` haikuwepo pa kuwekea kiungo. `mkdir -p` ya folda hiyo ikamaliza tatizo.

4. Soma

Ndani ya `man rsync` andika `/--delete`, kisha `n` kuendelea mbele. Mwenzangu aliona hapo kwamba zinazofutwa ni faili za upande unaopokea, akaanza na `--dry-run`, jaribio lisilobadilisha faili yoyote.