Kuchota maji ya bahari kwa kipimo cha zebaki

Maji ya bahari kuu huwa na chini ya nanogramu 1 ya zebaki kwa lita, na haikai katika umbo moja. Ipo zebaki tupu iliyoyeyuka kama gesi, ipo yenye chaji iliyoshikwa na kloraidi, na ipo zebaki-methili, iliyounganika na kaboni, ile inayojilimbikiza kwenye papa na jodari. Amua unatafuta ipi kabla hujapanda mashua.

1. Chupa iwe ya glasi, kifuniko cha tefloni, imeoshwa kwa asidi na kufungwa ndani ya mifuko miwili. Polithini iache, mvuke wa zebaki huipenya.

2. Muwe wawili. Mmoja ashike kamba na mfuko wa nje tu, mwenzake mfuko wa ndani na chupa, glavu mpya. Injini izimwe, mchote upande upepo unakotokea.

3. Suuza mara tatu kwa maji yaleyale, jaza.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwa zebaki yote, maumbo yote kwa jumla: mililita 5 za asidi ya haidrokloriki kwa lita. Kwa zebaki-methili: mililita 2 za asidi ya salfuriki ya molari 9 kwa lita, kwa sababu kloraidi ikizidi huvuruga kukeneka, yaani kuitenga kwa mvuke maabara. Kwa zebaki tupu usitie kitu: jaza pomoni, pima palepale.

5. Maabara, kwa zebaki yote: mililita 0.5 za bromini monokloraidi, kemikali ya manjano inayogeuza maumbo yote kuwa zebaki yenye chaji, kwa kila mililita 100 za sampuli, subiri saa 12. Umanjano ukipotea, ongeza. Kisha haidroksilamini mpaka umanjano uishe, stanasi kloraidi ya kuirudisha kuwa zebaki tupu, na gesi ya agoni kwa dakika 20 kupeleka mvuke kwenye mtego wa dhahabu.

MASWALI

Blanki yangu, yaani maji safi yanayopimwa kwa njia ileile, inakaribia sampuli kwa zebaki. Tatizo nini?
Pima asidi yenyewe kwanza. Halafu uliza nani ana jino lililozibwa kwa amalgamu, mchanganyiko wenye zebaki. Pumzi yake juu ya chupa inatosha.

Mbona zebaki-methili ni haba juu, nyingi mita mia kadhaa chini?
Jua huivunja juu. Chini, mabaki yanayozama huoza, oksijeni hupungua, na bakteria huitengeneza.

Mekyuri (zebaki) ya wachimbaji wa dhahabu wa Geita hufika Bahari ya Hindi?
Kwa mto, hapana: Ziwa Viktoria humwagikia Nile. Kwa hewa, ndiyo, inaweza. Mvuke wa kuchoma dhahabu hukaa angani miezi mingi kabla ya kuanguka, popote pale.