Ipe akili mnemba maswali ya waombaji, si sifa za chuo
Ukiiagiza ChatGPT iandike tangazo la udahili, bandika kwanza maswali halisi kutoka WhatsApp ya ofisi, ukishafuta majina na namba: "Nina D mbili za PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), uuguzi naweza kusoma?" "Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) ukichelewa, nitasajiliwa?" Chini yake weka ada na vigezo vya mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kisha agiza: "Jibu kwa taarifa hizi tu, pasipo na jibu andika HAIJULIKANI." Bila hivyo itajaza "elimu bora, mazingira rafiki", maneno ya kila chuo. Hizo HAIJULIKANI ndizo dhahabu: unajua la kumuuliza mhasibu au msajili kabla tangazo halijatoka. Mbinu inagoma ukibandika ada ya mwaka jana. ChatGPT itaiandika kwa uhakika uleule.