Kurekodi maneno ya Kimakonde bila kupotosha urefu na toni

Orodha nyingi za maneno zinazoletwa kutoka Newala na Tandahimba huharibika wakati wa kuuliza, kabla hata uchambuzi haujaanza. Kimakonde hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho pale kirai, yaani fungu la maneno yanayotamkwa kwa mfululizo, kinapoishia. Neno likitamkwa peke yake lenyewe ndilo kirai, hivyo linarefuka. Ukiuandika urefu huo kuwa ni wa neno, umejaza kamusi irabu ndefu zisizokuwepo. Kwa majirani zao Wayao mambo ni mengine: huko irabu fupi na ndefu hutenganisha maana, kwa hiyo usihamishe utaratibu huu kichwa kichwa.

Rekodi kila nomino mara tatu ikiwa peke yake, kisha mara tatu ikifuatwa na kimilikishi, kwa mfano "kisu changu", na mara tatu ikifuatwa na kionyeshi, "kisu hiki". Sikiliza papo hapo: mvuto wa silabi umehamia kwenye neno la pili? Kama bado uko kwenye nomino, mzungumzaji amepumua katikati. Mwombe aseme kwa mfululizo, kama anavyomwambia mtu wa nyumbani. Vimilikishi viwili tofauti ni bora kuliko kimoja, kwa sababu toni (sauti kuwa juu au chini) ya neno jirani inaweza kuigusa ya nomino.

Changanya mpangilio wa orodha. Mtu anayesoma maneno kwa safu huyaimba kama anayehesabu: sauti inapanda, inapanda, halafu ya mwisho inashuka, nawe unaishia kupima wimbo wa kuhesabu.

Usitegemee Kiswahili peke yake kuulizia. Ukisema "mkono" hujui kama umepewa jina la kiganja au la mkono mzima. Gusa kiungo chenyewe. Maneno ya kuitana ndugu ndiyo yanahitaji subira zaidi. Wamakonde hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana uzito wake, hivyo neno la Kiswahili litakuletea jibu lililokatwa. Chora mti wa ukoo mchangani kwa kijiti, weka kokoto kwa kila mtu, uliza: "Huyu, kaka yake mama, unamwitaje? Naye anakuitaje?"

Vifaa havina makuu: rekoda inayohifadhi WAV (faili la sauti isiyobanwa), herzi 44,100 na biti 16. Kwa chaneli moja, saa moja inachukua takriban megabaiti 318. Usitumie MP3, maana hutupa sehemu ya sauti usiyoweza kuirudisha. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kwa pembeni, pumzi ya p na t isiigonge. Epuka chumba cha mabati matupu: kinarudisha mwangwi, na mvua ikianza kazi imekwisha. Chumba chenye kitanda, nguo na mkeka kinafaa zaidi.

Barua ya utafiti ishuke mkoa, wilaya, kata hadi kwa mtendaji wa kijiji kabla hujawasha chochote, na ridhaa ya mzungumzaji irekodiwe kwa sauti yake, katika lugha anayoielewa vizuri. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, usimweke mtu saa nzima.

Usiku uleule nakili mafaili sehemu mbili, na kila faili lipewe tarehe, kijiji na namba ya mzungumzaji, si jina lake.